Lebo Ndogo, Kampuni Kubwa: Tukijue Kinachobandikwa Juu ya Jasho Letu



Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai kusuluhisha ugomvi. Magunia yaliyopelekwa mnadani Mombasa yalikutwa na uzito usiolingana na ule ulioandikwa juu yake. Meneja aliamua palepale kwamba kosa ni la wafungaji, akawakata mshahara akina mama sita wa chumba cha kufungia chai. Walilia, walieleza, hakuna aliyewasikiliza.

Katibu wetu wa tawi, kijana aliyezoea kusoma kila kilichoandikwa, aliomba aletewe bunda la lebo zilizobaki. Akakuta kwamba uzito wa gunia pamoja na chai umechapwa mahali pa uzito wa chai peke yake. Lebo zile zilichapwa ofisini. Wafungaji walibandika walichopewa. Mwisho wa mwezi fedha za akina mama wale zilirudishwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisema katika mikutano kwamba mfanyakazi aijue lebo kama anavyolijua jembe lake. Kila siku tunaibandika kwenye magunia, makatoni, chupa na nguo, lakini wengi wetu hatujui inatoka wapi, nani anaitengeneza, wala nani anatajirika nayo. Kwa hiyo leo nitaeleza habari za kampuni moja kubwa ya Marekani iitwayo Avery Dennison, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa lebo duniani. Sisemi kwamba lebo za kiwanda kile zilitoka kwake. Nimeichagua kwa sababu historia yake ina mafunzo mengi kwetu sisi tunaouza nguvu zetu.

FUNDI VIATU NA WATOTO WAKE

Jina la kampuni hii ni majina mawili yaliyounganishwa. Tuanze na la pili, maana ndilo la zamani zaidi.

Mwaka 1844, katika mji wa Brunswick, jimbo la Maine, aliishi fundi viatu aitwaye Andrew Dennison. Mwanawe Aaron alikuwa na biashara ya saa na vito mjini Boston, na alichoka kununua visanduku vya vito kutoka ng'ambo. Wakaanza kutengeneza visanduku vya karatasi nyumbani kwa mikono. Baadaye Aaron alivutwa na kazi ya kutengeneza saa, na biashara ya visanduku ikashikwa na ndugu yake, Eliphalet.

Eliphalet Dennison aliongeza kadi ndogo za bei za kufunga kwenye vito, kisha kadi za kufunga kwenye mizigo. Kadi ya mzigo ilikuwa na taabu moja: tundu la kupitishia uzi lilichanika, kadi ikaanguka, mzigo ukapotea njia. Mwaka 1863 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mbunifu asiigwe, kwa kadi ambayo tundu lake limezungushiwa pete ya karatasi ngumu. Ni kitu kidogo sana. Hata hivyo, wakati ule reli zilikuwa zinaenea Marekani yote na mizigo inasafiri mbali, na kila mzigo ulihitaji kadi. Kampuni ikakua, ikahamia mji wa Framingham karibu na Boston, ikawa na kiwanda kikubwa.

Wafanyakazi wa nguo watakijua kitu kingine cha kampuni hiyo. Ule uzi mfupi wa plastiki unaoshikilia kadi ya bei kwenye shati, unaopigwa kwa kifaa kama bastola, ulitengenezwa na Dennison katika miaka ya 1960.

HISANI YA TAJIRI NA HAKI YA SHERIA

Hapa pana jambo ambalo kila mwanachama anapaswa kulitafakari. Mjukuu wa Eliphalet, aliyeitwa Henry Dennison, alikuwa tajiri wa namna yake. Mwaka 1911 aliweka utaratibu wa kuwapa wakuu wa kazi hisa zenye kura. Baadaye kiliundwa chombo cha wafanyakazi wa kawaida, nao wakapata sehemu ya faida. Mwaka 1916 kampuni ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wanaosimamishwa kazi zinapopungua. Ulikuwa miongoni mwa mifuko ya kwanza ya namna hiyo kuanzishwa na kampuni nchini Marekani.

Tumpe mtu haki yake. Wakati ule waajiri wengi waliona mfanyakazi akiachishwa ni kama gari likizimwa: halili, halilipi kodi ya nyumba, halina watoto. Henry Dennison aliona kwamba kiwanda kinachomtumia mtu msimu wa kazi nyingi kina deni kwake msimu wa kazi chache. Wenzetu wa mashamba ya chai na miwa wanalielewa hili bila kuelezwa, maana msimu ndio unaowaajiri na msimu ndio unaowafukuza.

Lakini mfuko ule ulitegemea moyo wa tajiri mmoja. Mfanyakazi wa kiwanda cha jirani hakuwa na kitu. Ilipokuja dhiki kuu ya uchumi baada ya 1929, mamilioni ya watu walikosa kazi Marekani nzima, na ilionekana wazi kwamba hisani ya kiwanda kimoja kimoja haiwezi kuokoa taifa. Mwaka 1935 ilipitishwa sheria iliyoweka msingi wa bima ya wasio na kazi katika majimbo yote. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria nyingine ya kulinda haki ya wafanyakazi wa viwandani kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Sheria hizo zilikuja baada ya migomo na maandamano ya miaka mingi.

Fundisho ni hili. Mwajiri mwema ni bahati, na bahati hufa pamoja na mwenyewe. Kinachobaki ni mkataba ulioandikwa na sheria iliyopitishwa.

DOLA 100 ZA MWALIMU

Mwaka huo huo wa 1935, upande wa pili wa Marekani, katika mji wa Los Angeles, kijana aitwaye Stanton Avery alikuwa na wazo lakini hakuwa na fedha. Mchumba wake, Dorothy Durfee, alikuwa mwalimu. Akamkopesha dola 100. Kwa mtaji huo akaanzisha kampuni iliyoitwa Kum Kleen Products.

Wazo lake lilikuwa lebo inayonata yenyewe. Kabla ya hapo, kubandika lebo kulihitaji kuilowesha maji au kuipaka gundi, na ukitaka kuibandua unaharibu kitu. Avery alitaka lebo ya kubandika kwa kidole na kubandua bila kuacha alama, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye maduka ya zawadi na vitu vya kale. Mashine yake ya kwanza aliiunga kwa mota ya mashine ya kufulia, vipande vya cherehani na msumeno mdogo. Mafundi wetu wa jua kali wakisoma hapa watacheka, kwa sababu ndivyo nao wanavyofanya kila siku. Tofauti ni kwamba Avery alipata mtu wa kumkopesha, na alikuwa katika nchi ambayo viwanda vyake vilikuwa tayari kununua kazi yake.

LEBO INATENGENEZWAJE

Chukua lebo yoyote ya kunata uitazame. Unaona karatasi moja, lakini ndani yake kuna tabaka nne.

Ya kwanza ni uso, yaani karatasi au plastiki inayochapwa maandishi. Ya pili ni gundi. Ya tatu ni utando mwembamba sana wa silikoni, utelezi unaozuia gundi isishike moja kwa moja. Ya nne ni karatasi ya mgongoni, ile tunayoitupa.

Katika kiwanda kikubwa karatasi ya mgongoni hupakwa silikoni, kisha gundi, halafu uso hulazwa juu yake na vyote vikabanwa kwa magurudumu. Linatoka bunda kubwa kama pipa. Bunda hilo hukatwa mabunda madogo, yakauzwa kwa wachapaji. Mchapaji huchapa jina la bidhaa, kisha kisu chenye umbo la lebo hukata uso na gundi bila kukata mgongo. Mabaki ya pembeni hung'olewa kwa mkupuo mmoja, zikabaki lebo zimejipanga kama askari. Kiwandani kwako mashine hukunja karatasi ya mgongoni ghafla kwenye ncha ya bati. Mgongo unapinda, lakini lebo haiwezi kupinda upesi hivyo, inakwenda mbele moja kwa moja na kushika chupa inayopita.

Wenzetu wanaofanya kazi kwenye mashine hizo wana hatari zao: magurudumu yanayovuta vidole, visu, na mvuke wa dawa za kuyeyushia gundi na wino. Anayefanya kazi hiyo bila kinga ya mashine na bila hewa ya kutosha adai vyote viwili kabla ajali haijatokea.

KUUZA HATA KWA WASHINDANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Avery ilipoteza ulinzi wa hataza yake. Sasa mtu yeyote aliweza kutengeneza lebo za kunata. Wengi wangefunga duka. Avery alifanya hesabu nyingine: kama watu wengi watachapa lebo, basi wote watahitaji yale mabunda makubwa yenye gundi. Mwaka 1954 kampuni ilifungua kitengo huko Painesville, Ohio, kilichojulikana kwa jina la Fasson, kikawauzia mabunda hata wale walioshindana naye.

Huo ndio moyo wa biashara hii mpaka leo. Sehemu kubwa ya mauzo ya Avery Dennison hutokana na mabunda ya kuuzia wachapaji wa dunia nzima. Jina lake halionekani kwenye chupa yako ya dawa wala kwenye katoni yako ya sabuni. Lakini mchapaji mdogo wa mjini akichapa lebo, inawezekana karatasi na gundi yake vimepita mikononi mwa mojawapo ya kampuni chache kubwa. Anayeshika malighafi hahitaji kuandika jina lake juu ya bidhaa. Wakulima wa pamba na wachuma chai tunalijua jambo hili upande wa pili: sisi ndio tunaotoa malighafi, lakini hatukushika bei.

KAMPUNI ZIKIOANA, NANI ANAULIZWA?

Mwaka 1990 kampuni ya Avery iliungana na ile ya Dennison, ikazaliwa Avery Dennison. Makao makuu yakawa Pasadena, California, mbali sana na Framingham. Kiwanda kilichojengwa na familia moja kikawa na wakubwa walioishi upande mwingine wa nchi.

Tangu hapo kampuni imenunua nyingine nyingi. Mwaka 2002 ilinunua Jackstädt ya Ujerumani. Mwaka 2007 ilinunua Paxar, mtengenezaji mkubwa wa lebo za nguo, kwa dola zipatazo bilioni 1.3. Vilevile imeuza. Mwaka 2012 ilitaka kukiuzia 3M kitengo chake cha lebo na vifaa vya ofisini, lakini serikali ya Marekani ilipinga kwa kuona ushindani utakufa, na 3M ikajitoa. Mwaka uliofuata kitengo hicho kiliuzwa kwa CCL Industries ya Kanada, pamoja na kitengo kingine, kwa dola milioni 500. Ndiyo maana leo lebo za ofisini zenye jina la Avery ni mali ya kampuni nyingine kabisa.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Serikali iliuliza kama mnunuzi wa lebo ataumia. Wanahisa waliulizwa kuhusu bei. Mfanyakazi asiye na chama hakuna anayemuuliza kitu. Analala akiwa mtu wa kampuni hii, anaamka akiwa wa kampuni ile, kama meza na kiti vilivyomo ofisini. Na hapa kwetu viwanda na mashamba yamebadilika mikono mara nyingi. Kwa hiyo kila mkataba wa hiari tunaotia sahihi uwe na kifungu kinachosema kwamba mwajiri akibadilika, mishahara, miaka ya utumishi, likizo na malipo ya uzeeni vinaendelea kama vilivyokuwa.

HESABU YA JASHO

Mwaka 2024 Avery Dennison ilifanya mauzo ya zaidi ya dola bilioni 8.7. Wafanyakazi wake walikuwa wapatao 35,000, katika nchi zaidi ya 50. Ukigawanya, kila mfanyakazi anasimamia mauzo ya karibu dola 250,000 kwa mwaka.

Tusikimbilie kupiga kelele. Mauzo siyo faida. Katika fedha hizo kuna karatasi, gundi, umeme, usafiri, kodi na mishahara yenyewe. Mwanachama anayekwenda mezani kwa mwajiri akachanganya mauzo na faida atachekwa, na hoja yake nzuri itakufa. Tazama basi faida halisi: mwaka huo ilikuwa karibu dola milioni 700. Gawanya tena kwa watu 35,000. Kila mfanyakazi, baada ya gharama zote na mshahara wake mwenyewe, aliacha faida ya karibu dola 20,000.

Tumeweza kufanya hesabu hii kwa sababu kampuni ambazo hisa zake zinauzwa hadharani zinalazimishwa na sheria kutangaza hesabu zao. Mwajiri wako akiwa tawi la kampuni ya namna hiyo, hesabu za kampuni mama zinapatikana. Zitafuteni kabla ya majadiliano. Aliye na tarakimu husikilizwa kuliko aliye na hasira.

LEBO ILIYOTOA USHAHIDI

Tarehe 24 Aprili 1913 haina habari kwetu, lakini tarehe kama hiyo miaka 100 baadaye haitasahaulika. Siku hiyo, 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, lilianguka likiwa na viwanda vya nguo ndani yake. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake vijana. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo iliwaondoa watu wake, lakini washona nguo waliamriwa kurudi kazini.

Baada ya msiba kulikuwa na kampuni za ng'ambo zilizokana kwamba nguo zao zilishonwa pale. Ndipo watetezi wa wafanyakazi na waandishi wa habari walipookota lebo katika vifusi. Kile kipande kidogo cha kushonea shingoni mwa shati kilitaja jina la mnunuzi, na hakikuweza kutishwa wala kuhongwa. Mwezi Mei mwaka huo makampuni yalianza kutia sahihi mapatano ya usalama wa viwanda yenye nguvu ya sheria, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI.

Lebo hutengenezwa ili kumsaidia mwenye mali kuiuza na kuihesabu. Siku ile ilimsaidia mfanyakazi kutafuta haki yake. Ilichelewa, kwa maana waliokufa hawakurudi.

LEBO ZINAZOSEMA KWA REDIO

Mwaka 1974, katika duka moja mjini Troy, Ohio, pakiti ya ubani ilipitishwa kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya kusoma ile mistari myeusi na myeupe. Leo mistari hiyo iko kila mahali. Chini yake kuna tarakimu: 616 mwanzoni ni za orodha ya Kenya, na 620 ni za Tanzania. Zinaonyesha tu kampuni iliandikishwa katika orodha ipi. Hazithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa huko.

Sasa kuna hatua nyingine. Ndani ya lebo huwekwa chipu ndogo na waya mwembamba wa kunasa mawimbi. Haina betri. Kifaa cha kusomea hutuma mawimbi ya redio, chipu inaamka kwa nguvu ya mawimbi hayo na kujibu namba yake. Mistari lazima uisome mmoja mmoja, lakini katoni nzima ya mashati yenye chipu husomwa kwa mara moja bila kufunguliwa. Avery Dennison imetia fedha nyingi katika biashara hii, na mwaka 2020 ilinunua sehemu ya kampuni ya Smartrac inayotengeneza lebo hizo.

Faida yake ni kubwa: mzigo haupotei, bidhaa bandia hukamatwa, chakula kilichoharibika hutambulika. Lakini kazi ya kuhesabu mali ghalani, iliyokuwa ya watu kumi, yaweza kufanywa na mtu mmoja kwa dakika chache. Na lebo inayohesabu mashati yaweza pia kuhesabu mashati ya kila mshonaji kwa kila saa. Hatupingi mashine. Tunadai tuambiwe kabla haijaletwa, tufundishwe kuiendesha, na isigeuzwe kiboko.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila tawi liwe na angalau watu wawili wanaosoma lebo zote zinazobandikwa kazini. Kwenye gunia la chai wasome jina la kiwanda, daraja, namba ya ankara na uzito. Kwenye katoni wasome jina la mnunuzi na nchi inakokwenda. Waandike katika daftari la tawi.

Pili, wabandikaji wasikatwe mshahara kwa kosa la maandishi kabla haijajulikana nani aliyachapa. Wekeni jambo hili katika mkataba.

Tatu, mkijua mnunuzi ni nani, mwambieni katibu wa chama. Wanunuzi wengi wa nje wametangaza kanuni za jinsi wafanyakazi wa wauzaji wao wanavyopaswa kutendewa. Mwajiri aliyeziba masikio yake kwetu husikia haraka barua ikitoka kwa mnunuzi.

Nne, fundishaneni. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi. Yote niliyoandika hapa nimejifunza kwa kuuliza na kusoma kidogo kidogo, jioni baada ya kazi. Aliyewakomboa akina mama wale sita hakuwa wakili. Alikuwa kijana wa chumba cha kukaushia chai, aliyekataa kubandika kitu asichokisoma.

Umoja ni nguvu.